Picha Haijielezi Yenyewe: Dhana Potofu Ninazozisikia Kigoma Kuhusu Picha Tunazozipenda

Wiki iliyopita mteja aliingia katika karakana yangu ya fremu hapa Mwanga, Kigoma, akaweka mezani karatasi iliyochapwa kutoka kwenye simu, akaniomba niitengenezee fremu ya mninga ili aje nayo kwenye kikao chetu cha Jumamosi, ambapo kila mpenzi wa picha huleta kazi moja anayoipenda na kuizungumza mbele ya wenzake. Nilimwuliza ni kazi ya nani. Alinijibu kwa upole kabisa: "Fundi, jina la nini tena? Picha si inajieleza yenyewe?" Jibu hilo nimelisikia kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, kutoka kwa walimu, wafanyabiashara wa dagaa, akina mama wanaoleta picha za harusi na vijana wa vyuo, na kwa kuwa safari hii nilishindwa kumjibu bila kuinua sauti, nimeona ni heri niandike.

Picha haijielezi yenyewe. Inaweza kuvutia, kuhuzunisha na kukufanya usimame mbele yake muda mrefu, lakini haiwezi kukuambia ni nani aliyeitengeneza, lini, kwa kutumia nini, wala kama jambo linaloonekana ndani yake lilitokea au lilibuniwa. Hayo lazima yaandikwe na mtu. Yasipoandikwa hupotea, na yakishapotea hutokea mtu wa kuyajaza kwa kubahatisha, na ubahatishaji wake ndio watoto wetu wanaoukariri.

Mfano wa kwanza uko karibu nasi, Ujiji. Wengi wetu tumekua tukiiona ile picha ya Stanley akiinua kofia mbele ya Livingstone, umati ukiwa umewazunguka, na siwezi kuhesabu wateja walioniambia kwa uhakika kwamba picha hiyo "ilipigwa" palepale chini ya mwembe mwaka 1871. Haikupigwa. Hakuna kamera iliyonasa mkutano ule. Picha tunayoijua ni mchoro uliochongwa kwa ajili ya kuchapwa, uliotolewa mwaka uliofuata katika kitabu cha Stanley mwenyewe, na aliyeuchora hakuwapo Ujiji siku hiyo. Nadhani lugha yetu imechangia kosa hili, kwa sababu neno "picha" tunalitumia kwa ile ya kuchora na kwa ile ya kupiga, na msikilizaji akiambiwa "picha ya Stanley na Livingstone" hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Ndiyo maana kila anayeleta kazi kwangu namwuliza kwanza: ya kuchora au ya kupiga?

Hata hiyo ya kupiga haitoshi bila maelezo. Ipo picha halisi ya kamera ya Stanley akiwa amevaa mavazi ya safari, pembeni yake kijana Mwafrika aliyeitwa Kalulu, na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani wako njiani mahali fulani kati ya Tabora na Ujiji. Walikuwa studio, London, mwaka 1872. Kamera haikudanganya kuhusu nyuso zao, lakini bila mstari mmoja wa maelezo inakupeleka bara lisilo lake.

Mfano wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu unagusa ziwa letu. Martin Munkácsi, mpiga picha mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akiyafanyia kazi magazeti ya Berlin, alipiga mnamo 1930 picha ya wavulana watatu wakikimbilia majini, migongo yao ikiwa kwetu, miili yao myeusi ikikatiza povu jeupe. Kijana Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, ambaye wakati huo alikuwa amesomea uchoraji, aliiona picha hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baadaye alieleza kwamba ndiyo iliyowasha moto ndani yake na kumwonyesha kwamba upigaji picha unaweza kuushika umilele katika kipindi kifupi kama kufumba na kufumbua. Alichukua kamera yake ndogo ya Leica, na mwaka 1947 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Magnum, shirika la wapiga picha. Kwa jina lililozoeleka, picha hiyo huitwa Wavulana Watatu kwenye Ziwa Tanganyika, na katika kikao chetu hakuna inayopendwa kuliko hiyo. Kila anayeileta huapa kwamba wale ni watoto wa Kigoma, na mmoja aliwahi kunionyesha kwa kidole sehemu ya ufuko alikodai walikimbilia.

Napenda iwe hivyo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo, picha hiyohiyo imechapishwa na kuonyeshwa pia kwa maelezo kwamba ilipigwa Liberia, nchi ambayo fukwe zake ni za Bahari ya Atlantiki. Maelezo yote mawili yanazunguka duniani, na anayeileta picha hiyo mbele ya wenzake akataja moja na kuficha la pili anawanyima nusu ya habari. Tena, hata tukilishika jina la Ziwa Tanganyika, ziwa hilo lina kingo katika nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kutoka kwenye neno "Tanganyika" mpaka kufika ufuko wa Kibirizi hapa Kigoma kuna safari ndefu ambayo maelezo ya picha hayajaifanya, nasi hatuna ruhusa ya kuifanya kwa niaba yake.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya wasomi wa makumbusho na kwamba mpenzi wa kawaida hapotezi kitu. Mimi huwajibu kwa habari ya mpiga picha Seydou Keïta. Alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akawapiga picha maelfu ya watu wa mji ule, wakiwa na nguo zao bora, mbele ya vitambaa vya mapambo ambavyo leo tunavitambua mara moja kuwa ni vyake. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, watu wakazistaajabia, lakini kwenye maelezo yaliyobandikwa pembeni hakukuwa na jina lake. Iliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mzee mwenyewe alikuwa hai, yuko Bamako, anajulikana na majirani zake. Ilibidi mtu afunge safari kwenda Mali kumtafuta, na Paris ikamwandalia maonyesho yake mwaka 1994, alipokuwa ameshapita miaka sabini. Alifariki mwaka 2001. Kwa hiyo ninapomwuliza mtu "ni kazi ya nani?" simsumbui. Ninamkinga fundi wa watu asigeuzwe kuwa "hajulikani" huku akiwa bado anapumua.

Ushauri wangu ni uleule ninaoutoa kila siku mpaka wateja wananitania. Nyuma ya picha, andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, jina la aliyeifanya, mahali, mwaka, vipimo vya kazi halisi na vifaa vilivyotumika. Na kama ni picha ya ukoo, majina ya waliomo kuanzia kushoto. Bolipeni usiitumie, kwa kuwa wino hupenya na ncha huacha makovu upande wa mbele. Karatasi nyingi za picha za siku hizi zina utando wa plastiki unaokataa penseli. Hizo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, na maelezo yaandikwe juu ya bahasha kabla picha haijaingizwa.

Dhana nyingine inayofuatana na hiyo ni ile ya kwamba picha ikishatumwa kwenye simu za wenzako, basi wameiona. Wameona kivuli chake. Mona Lisa ya Leonardo da Vinci, iliyochorwa kwenye ubao, ina urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53, yaani haizidi sana sinia kubwa la pilau. Guernica ya Pablo Picasso, aliyoichora mwaka 1937 na ambayo sasa iko Madrid, ina kimo cha karibu mita tatu na nusu na upana wa karibu mita nane, hivyo ukuta mrefu wa karakana yangu usingeweza kuibeba. Kwenye kioo cha simu zote mbili zina ukubwa wa kiganja. Nilipowapa wajumbe wa kikao kamba ya mita nane waishike huku na huku barabarani, ndipo waliponyamaza. Kama huna budi kutuma, taja vipimo, usikate kingo za picha ili ijae kioo, na uitume kama faili badala ya kuituma kwa njia ya kawaida ya picha, kwa sababu njia hiyo huibana na kuipunguzia undani.

Kuhusu michoro ya mtindo wa Tingatinga nitasema kwa kifupi, ingawa makosa ni mengi. Si sanaa ya kale ya kabila lolote, na jina halikutokana na trekta, kama kijana mmoja alivyoshikilia mbele yangu. Ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya mbao za dari, na aliyeuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 katika tukio la kumdhania kuwa mhalifu. Muda wake wa kuchora ulikuwa miaka minne tu. Mtindo uliendelezwa na ndugu na wanafunzi wake, akina Simon Mpata, January Linda na Adeusi Matambwe, na baadaye na wengine wengi, kila mmoja kwa mkono wake. Kwa hiyo picha ya chui uliyonunua Dar es Salaam mwaka jana si "ya Tingatinga". Ni ya mchoraji ambaye jina lake liko pale pembeni, na ndilo unalopaswa kulitamka unapoionyesha.

Wengine husema mchoraji hodari ni yule ambaye kazi yake haitofautiani na picha ya kamera. Mteja aliwahi kunirudishia nakala ya kazi ya Sam Ntiro akidai imechorwa na mtoto. Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, alisoma Makerere na katika chuo cha sanaa cha Slade, London, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru akatuwakilisha Uingereza kama balozi. Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York linayo kazi yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Alichora watu wadogo, wepesi, ndani ya mandhari pana kwa sababu alitaka tuione kazi ya kijiji kizima na si uso wa mtu mmoja. George Lilanga naye, mwenye asili ya Masasi, alijaza turubai zake mashetani wenye masikio makubwa. Kuyalinganisha hayo na kamera ni sawa na kumlaumu mwimbaji wa taarabu kwa kutosoma taarifa ya habari.

La Vincent van Gogh kwamba hakuuza picha hata moja alipokuwa hai, tuliache: Anna Boch alinunua Shamba la Mizabibu Mekundu kwa faranga 400 mwaka 1890, miezi michache kabla ya kifo cha mchoraji huyo. Na ule ukarimu wa kupitisha picha za zamani mkono kwa mkono, kila mgeni akiishika katikati kwa vidole vyenye mafuta ya samaki mgebuka, naomba ukome kabisa. Shika kingo, au iache mezani watu waizunguke. Ikiwa na vumbi, tumia brashi laini iliyo kavu. Kitambaa chenye maji huvimbisha ule utando ulioshika picha na kuung'oa.

Imebaki dhana ninayoisikia kwa unyonge, kutoka kwa wanaokaa karibu na mlango: kwamba sisi hatukusomea sanaa, hatuna la kusema. Nakala yetu ya wale wavulana wa Munkácsi imetazamwa na watu wenye shahada, na karibu wote wamezungumzia mwanga na kivuli. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa amekuja kuchukua fremu ya picha ya marehemu mkewe aliitazama kimya kwa muda, kisha akasema kwamba watoto wale wameyazoea maji, kwa sababu mtoto mgeni wa maji huingia taratibu akinyanyua mabega, na hawa mabega yao yamelegea. Nimeitazama picha hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na sikuwahi kuangalia mabega. Niligeuza nakala, na chini ya majina yote mawili ya mahali, la ziwa na la Liberia, nikaandika maneno yake kwa penseli pamoja na jina lake na tarehe.