Maji taka yakifurika mlangoni: maswali ya wakazi wa Kisumu

Masika yakishika, maswali ya barazani Nyalenda, Manyatta na Obunga huwa ni yale yale, na mengi huanza na harufu. Hapa nimejibu yale yanayogusa afya na sheria kwa pamoja. Sheria za maji taka zilitungwa kwa sababu ya magonjwa, ingawa wengi huziona kama usumbufu wa kanjo, yaani askari wa kaunti, tu.

Manholi (shimo la kukagulia bomba la maji taka) iliyo mbele ya ploti yetu hufurika kila mvua kubwa ikinyesha. Kosa ni la kampuni ya maji au letu?

Mara nyingi ni la wote wawili. Bomba la maji taka halikujengwa kubeba maji ya mvua. Hayo yana mitaro yake. Mwenye ploti akielekeza maji ya paa kwenye bomba la choo, au vijana wakifunua manholi ili uwanja ukauke haraka, bomba hujaa na uchafu hutokea mahali palipo chini zaidi, kwa jirani ambaye hakufunua chochote. Ongeza nepi, pedi na matambara yanayonasa humo. Tena mifuniko huibwa ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, na mchanga wa barabarani ukaingia bila kizuizi.

Kuhusu nani atengeneze: bomba lililo ndani ya ploti ni la mwenye ploti, lililo barabarani ni la KIWASCO, kampuni ya maji ya kaunti. Piga ripoti, omba nambari ya malalamiko na uiandike. Siku zikipita kimya, mwendee afisa wa afya ya umma wa wodi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya maji na usafi, na huduma za afya vilevile. Kwa hiyo ukizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, usikubali jibu la "hilo si letu".

Lakini hayo maji hatuyanywi. Yatatudhuru vipi?

Huenda mnayanywa bila kujua. Tazameni mabomba ya plastiki yanayopeleka maji kwenye vibanda vya kuuzia maji: mengine yamepitishwa ndani ya mtaro uleule wa maji machafu. Maji yakiwa yanapita kwa nguvu, ufa mdogo huvujisha nje. Yakikatwa, bomba hubaki tupu na ufa uleule hufyonza maji ya mtaro. Yanaporudi, anayekinga wa kwanza ndiye anayepata uchafu wote. Kwa hiyo baada ya maji kukatika, acha ya kwanza yamwagike au uyatumie kudekia, kisha ya kunywa uyachemshe au uyatie klorini.

Njia nyingine ni mkono wa mtoto aliyecheza mtaroni kisha akala ugali bila kunawa. Hapo ndipo hupita kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Minyoo ya safura haihitaji hata mdomo, huingia kupitia ngozi ya unyayo.

Kipindupindu huanza saa chache hadi siku 5 baada ya kumeza vijidudu. Mtu akianza kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo, na mumnyweshe ORS, maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, njiani. Kama hakuna pakiti, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa. Chumvi isizidi.

Maji ya kisima chetu ni maangavu kabisa. Bado ni hatari?

Ndiyo. Kijidudu hakionekani kwa macho. Manyatta visima vifupi na vyoo vya shimo vimebanana, na masika maji ya ardhini hupanda mpaka yakakutana na kinyesi. Fulieni, dekieni, lakini ya kunywa yatieni dawa.

Nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, huko Obunga. Mafuta yakichakaa niyamwage wapi?

Si chooni wala kwenye sinki. Mafuta ya moto huteremka bila shida, na hapo ndipo watu hudanganyika. Yakipoa huganda ukutani mwa bomba, yakanasa magamba na vijifupa, kisha tundu likapungua wiki baada ya wiki. Yaache yapoe, uyachanganye na majivu au vumbi la mbao, uyatupe pamoja na taka ngumu. Hoteli na jiko kubwa wanapaswa kuwa na kisanduku cha kunasia mafuta, na wakisafishe. Nimeona visanduku ambavyo mfuniko umeota kutu kwa kutofunguliwa.

Kwa maji taka ya biashara, Sheria ya Maji ya 2016 inataka upate idhini kabla ya kuyaingiza kwenye mfumo wa umma. Wenye gereji wanaomwaga oili chafu na asidi ya betri wajue hilo. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kipimo: uchafu unaoozeshwa na vijidudu usizidi miligramu 500 kwa lita ukiingia kwenye bomba la umma, na usizidi miligramu 30 maji yakiachiwa mtoni au ziwani. Kutoka 500 hadi 30 ni kazi ya mtambo wa Kisat na mabwawa ya Nyalenda yanayosafisha maji taka ya mji, na wafanyakazi wakuu huko ni bakteria. Asidi huwaua, mafuta huwanyima hewa. Wakishindwa, uchafu huenda Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ghuba ileile ambamo mtambo wa Dunga huvuta maji ya kuusambazia mji. Gugumaji nalo hunenepa kwa mbolea hiyo.

Mwenye nyumba ametoboa tangi la choo ili limwagike mtaroni mvua ikinyesha. Nikisema nitafukuzwa.

Hofu hiyo ni ya haki, kwa hiyo usiende peke yako. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, na malalamiko yaandikwe kama ya mtaa. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, inamruhusu afisa kumpa mwenye nyumba ilani ya kuondoa kero hiyo, na akikaidi ashtakiwe. Kifungu cha 70 cha Katiba nacho kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kwanza kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeumia. Msingoje mtoto augue ndipo mpate ushahidi.

Lori la kunyonya choo ni ghali. Vijana huchota kwa ndoo usiku kwa bei nafuu.

Bei ni nafuu kwa sababu safari ni fupi: kinyesi huishia mto Auji au kwenye shimo la jirani. Lori halali lina leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hupeleka mzigo kwenye mtambo wa kusafishia. Ploti kadhaa zikichanga na kumwita dereva siku moja, gharama hupungua. Muulize atamwaga wapi kabla hujamlipa.

Bomba limeziba. Fundi wetu ashuke ndani ya manholi?

La, hata kama ni mzoefu. Humo hukusanyika gesi yenye harufu ya mayai viza, na ikizidi pua haiinusi tena, mtu akadhani imeisha. Methani nayo hulipuka kwa cheche ya sigara. Mwenzako akianguka humo usimfuate, maana waokoaji wengi hufia hapohapo. Mwiteni zimamoto na muwazuie watu wasisogee. Kwa kuzibua, fundi asimame juu atumie fimbo ndefu za kuungana, na pasipofikika iitwe timu ya kampuni yenye kipima gesi na kamba.