Kasi ya Kupanda Ngazi: Mchezaji Afike Kileleni Baada ya Muda Gani?

Kasi ya kupanda ngazi ni muda na jitihada ambazo mchezaji wa gemu ya uhusika ya mtandaoni, yaani ile ambamo kila mtu humwendesha mhusika wake wa kubuni katika ulimwengu mmoja na wengine, hutakiwa kutumia ili mhusika wake atoke ngazi ya kwanza hadi ya juu kabisa inayoruhusiwa na gemu hiyo. Ngazi yenyewe ni namba tu, lakini ndiyo inayoamua mhusika ana nguvu kiasi gani, anaweza kushika silaha zipi, anaweza kuingia maeneo gani bila kuuawa papo hapo, na, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa, anaweza kucheza na nani. Kwa hiyo mtengenezaji anayepanga kasi hiyo hapangi muda peke yake. Anapanga pia mchezaji atajifunza nini, kwa utaratibu upi, na akiwa pamoja na akina nani.

Mabishano kuhusu kasi inayofaa ni ya siku nyingi, na kwa kawaida huendeshwa kwa kuhesabu saa. Wako wanaosema kwamba wikendi mbili zinatosha, na wako wanaoamini kwamba kilele kisichogharimu miezi hakina heshima. Kwa maoni yangu kipimo cha saa ndicho kinachowapotosha wote. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni kila ngazi inamwongezea mchezaji nini, na kuna nini kinachomsubiri akishafika juu.

Mfumo wa ngazi na pointi za uzoefu, yaani zile ambazo mhusika huzikusanya kwa kuua maadui au kukamilisha kazi hadi apande ngazi, ulitokana na mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Katika mchezo huo kundi dogo la watu huketi pamoja na kuongozwa na msimamizi, ambaye akiona wachezaji wamechoka huharakisha mambo, na akiona wanafurahia huyaacha yaende polepole. Gemu ya mtandaoni haina msimamizi wa namna hiyo, kwa sababu kasi yake hupangwa mara moja kwa ajili ya maelfu ya watu wasiofanana. Hata hivyo, MUD, mojawapo ya gemu za mwanzo kabisa za aina hii, iliyoanzishwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza na kuendelezwa na Richard Bartle, ilikuwa na jibu lililo wazi kuhusu kilele. Aliyefika juu kabisa aligeuka kuwa mchawi, akapewa uwezo wa kusaidia kuusimamia ulimwengu wa gemu, na hakuwa tena na haja ya kushindania pointi. Gemu nyingi zilizofuata zilirithi ngazi lakini hazikurithi jibu hilo, na utata mwingi tunaouona leo unatoka hapo.

Ili kuielewa kasi vizuri ni lazima kutazama jinsi pointi zinavyogawanywa kati ya ngazi na ngazi, maana jumla pekee haisemi kitu. Gemu ya RuneScape inaonyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa. Kila ustadi ndani yake, kama vile kuvua samaki, kukata miti au kupika, una ngazi zake, na 99 ndiyo ngazi ambayo kwa miaka mingi wachezaji wameihesabu kuwa kilele. Ngazi ya 2 huhitaji pointi 83. Ngazi ya 50 huhitaji jumla ya pointi 101,333, na ngazi ya 99 huhitaji 13,034,431. Mchezaji aliyefika ngazi ya 92 ana pointi 6,517,253, yaani takriban nusu ya zinazohitajika, ingawa namba anayoiona kwenye skrini inamwambia kwamba amebakiza ngazi saba tu. Ni kweli kwamba kazi za ngazi za juu huleta pointi nyingi zaidi kwa saa, hivyo muda haukui kwa kasi ileile ya pointi. Lakini umbo la mpango huo linabaki kuwa lilelile, kwamba mwanzo huruka na mwisho hujikokota.

Umbo hilo lina sababu nzuri. Mgeni anahitaji kuona mapema kwamba juhudi zake zinazaa matunda, na anapoendelea kuzoea huweza kuvumilia umbali mrefu zaidi kati ya zawadi na zawadi. Tatizo huja pale umbali unapoongezeka na kazi ikabaki ileile. Katika EverQuest, iliyotolewa mwaka 1999 ikiwa na kikomo cha ngazi 50, kanuni ya hesabu ilifanya ngazi fulani, kama vile 30, 35, 40 na 45, zidai pointi nyingi ghafla kuliko zile zilizozitangulia. Wachezaji waliziita ngazi za jehanamu. Hakuna kilichokuwa kimebadilika katika hadithi, maadui wala mbinu; kilichobadilika ni namba tu, na mtu aliyekuwa akisonga mbele kwa raha alijikuta usiku baada ya usiku akiua viumbe walewale huku mstari wa maendeleo ukisogea kidogo sana.

Hata hivyo, si haki kuitaja EverQuest kama mfano wa ukali mtupu. Mhusika aliyekufa alipoteza sehemu ya pointi zake na aliweza hata kushuka ngazi, na mwili wake ulibaki mahali alipoangukia ukiwa na vifaa vyake vyote, hivyo ilimbidi arudi kuutafuta, mara nyingi kwa msaada wa wengine. Mazingira hayo, pamoja na ugumu wa kuendelea peke yako, yaliwalazimisha watu kutegemeana, kungojeana na kuzungumza. Katika seva moja watu walifahamiana kwa majina: aliyejulikana kwa kuwaponya wenzake bila kuchoka alitafutwa, na aliyezoea kukimbia hatari na kuwaacha wengine wafe alikosa kundi la kumpokea. Mwendo wa polepole ulikuwa sehemu ya kilichojenga jamii hiyo. Gharama yake ilikuwa kwamba mtu mwenye saa moja tu ya kucheza jioni aliweza kuitumia yote akitafuta kundi, kisha akazima kompyuta bila kupata chochote. Tukumbuke pia kwamba gemu za wakati huo ziliendeshwa kwa ada ya kila mwezi, na safari ndefu ilimaanisha ada nyingi.

World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004 ikiwa na kikomo cha ngazi 60, ilionekana kuwa rahisi mno kwa waliotoka katika gemu za awali. Mchezaji aliweza kupanda peke yake, akiongozwa na kazi ndogondogo zenye hadithi fupi, na kifo hakikumnyang'anya pointi. Lakini kilichonivutia zaidi katika mpango wake ni namna ulivyoshughulikia tofauti kati ya watu wenye muda na wasio nao. Katika majaribio ya awali, mtu aliyecheza kwa muda mrefu bila kupumzika alipunguziwa pointi alizopata kwa kuua maadui. Wachezaji walichukia, kwani waliona wanaadhibiwa kwa kuipenda gemu. Watengenezaji wakabadilisha namna ya kulieleza jambo hilo: kiwango kilichopunguzwa kikawa ndicho cha kawaida, na kile cha juu kikaitwa zawadi ya mapumziko. Tangu hapo, mhusika aliyeachwa katika nyumba ya wageni au mjini wakati mwenyewe hachezi hujikusanyia akiba, na anaporudi hupata pointi maradufu kwa kila adui anayemuua mpaka akiba iishe. Anayecheza mara chache hasogei sawa na anayecheza kila siku, lakini pengo kati yao hupungua, na hakuna anayehisi kuonewa.

China ilichukua njia ya sheria. Mwaka 2007 iliagiza kampuni za gemu za mtandaoni ziweke mfumo wa kuzuia uraibu miongoni mwa watoto, ambapo baada ya saa tatu za kucheza kwa siku manufaa ya ndani ya gemu yalipungua hadi nusu, na baada ya saa tano yakafutika kabisa. Lengo lilikuwa la kiafya, lakini agizo hilo linaonyesha kwamba kasi ya kupanda ngazi ni chombo chenye nguvu ya kutosha kuwafanya watu wakae au waondoke mbele ya skrini.

Kuna gemu zilizolijibu swali letu kwa kulipunguzia uzito. Guild Wars ya mwaka 2005 iliweka kikomo kwenye ngazi ya 20 tu, na mchezaji alikifikia huku sehemu kubwa ya hadithi ikiwa bado iko mbele yake. Kuanzia hapo hakuongezeka nguvu kwa namba. Aliongeza stadi za kuchagua, akajifunza kuzipanga kwa ajili ya adui huyu au yule, na ushindi ukategemea akili yake kuliko ukubwa wa mhusika wake. Guild Wars 2, iliyotoka mwaka 2012, ilipandisha kikomo hadi 80 lakini ikaweka mambo mawili yenye busara kubwa. Baada ya ngazi za mwanzo, kila ngazi huchukua muda unaokaribiana na wa iliyotangulia, hivyo mwisho haujikokoti. Tena, mhusika wa ngazi ya juu akiingia katika eneo la wanaoanza hushushwa nguvu kwa muda, hivyo anaweza kucheza na rafiki mgeni bila kumharibia mchezo. Kikomo hicho cha 80 hakijapandishwa tangu hapo. Matoleo ya nyongeza huleta stadi mpya na maeneo mapya badala ya namba kubwa zaidi.

Jambo hili la marafiki ninalipa uzito kuliko mengine yote. Chukua watu wawili walioanza siku moja, mmoja akapata likizo na mwingine akabaki kazini. Baada ya wiki mbili mmoja ni wa ngazi ya 45 na mwenzake ni wa 20. Wakienda mahali pa yule wa chini, wa juu huua kila kitu kwa pigo moja na mwenzake hubaki kumfuata nyuma. Wakienda mahali pa wa juu, wa chini hufa kabla hajainua upanga. Gemu iliyowaleta pamoja ndiyo sasa inayowatenganisha, na mara nyingi yule aliyeachwa nyuma huacha kucheza kimyakimya. Kupanda haraka hupunguza muda wa utengano huo, lakini dawa halisi ni kusawazisha nguvu, kama The Elder Scrolls Online ilivyofanya mwaka 2016 ilipofanya karibu maeneo yake yote yaweze kuchezwa na wahusika wa ngazi yoyote kwa pamoja.

Gemu inayodumu miaka mingi hukabiliwa na shida nyingine, nayo ni ngazi zinazolundikana. Kila toleo la nyongeza la World of Warcraft lilipandisha kikomo, hadi mwaka 2018 kikafika 120. Mgeni hawezi kuombwa apande ngazi 120 kwa mwendo wa zamani, kwa hiyo mwendo uliharakishwa tena na tena, na matokeo yake yakawa kwamba mchezaji alilizidi eneo kabla hajafika nusu ya hadithi yake. Mwaka 2014 kampuni ilianza pia kuuza ruhusa ya kumrusha mhusika moja kwa moja hadi ngazi ya 90. Naona suluhisho hilo ni baya, kwa sababu mtengenezaji anayekutoza fedha ili usiicheze sehemu ya gemu yake anakiri kwamba sehemu hiyo haifai kuchezwa, na tena anapata faida ikiendelea kuwa hivyo. Uamuzi wa mwaka 2020 ulikuwa bora zaidi: wahusika wa ngazi ya 120 walirudishwa hadi 50, kikomo kipya kikawa 60, na ngazi zilizobaki zikapewa tena uzito. Katikati ya hayo, mwaka 2019, toleo la kale la gemu hiyohiyo lilifunguliwa upya likiwa na mwendo wake wa polepole, na watu walijaa hata wakapanga foleni kuingia. Mchezaji wa kwanza alifika ngazi ya 60 kabla siku nne hazijaisha, ilhali wengi walitumia miezi na hawakulalamika. Hii ndiyo sababu wastani wa saa haunishawishi, kwani unachanganya watu ambao hawakuja kutafuta kitu kimoja.

Mwendo ni wa polepole mno pale mchezaji anapopanda ngazi mbili au tatu mfululizo bila kupata stadi mpya, adui mwenye tabia mpya wala sababu ya kubadili mbinu. Ni wa haraka mno pale stadi zinapofika kabla ya zile za awali kutumiwa ipasavyo, hivyo mtu anafika kileleni na kujiunga na wenzake katika mapambano makubwa bila kujua kazi ya nusu ya vitufe vilivyo mbele yake, na wenzake hulipa gharama ya kutojua kwake. Kati ya mipaka hiyo miwili, saa arobaini zinaweza kuwa sahihi na mia tatu pia zikawa sahihi, kutegemea utajiri wa kilichowekwa njiani. Gemu ambayo uhondo wake wote uko juu haina sababu ya kumchelewesha mtu chini.

Jibu hili linahusu safari ya kwanza. Anayeanza mhusika wa pili ameshasoma hadithi na ameshaijua ramani, hivyo kumpitisha tena kwa mwendo uleule ni kumpotezea muda. Final Fantasy XIV imelitatua jambo hilo kwa kumruhusu mhusika mmoja kujifunza fani zote, yaani aina zote za kupigana au kuponya zilizomo, huku hadithi kuu ikichezwa mara moja tu. Mwenye fani iliyo juu anapoanza nyingine, huongezewa pointi mpaka fani hiyo mpya iifikie ile ya kwanza, na katika kipindi hicho bado anapewa stadi mojamoja ili mikono yake ipate kuzoea.