Mota ya Nyuma Haina Habari na Giya Zako

Kila baskeli za umeme zinavyozidi barabarani, Unguja na Pemba, ndivyo lalamiko moja linavyozidi kufika kwenye karakana yetu ya mafunzo ya amali: "Nimeuziwa mota feki, inashindwa mlima." Tunaifungua. Mara nyingi mota si feki. Imeungua, au giya zake za ndani zimelika meno, na kilichoimaliza ni namna ilivyooanishwa na giya za baskeli, au namna mwenyewe alivyozitumia giya hizo. Mkufunzi akieleza hivyo, mwenye baskeli hununa. Hatuna ugomvi na mtu. Tunajua watu wamejinyima kununua vyombo hivi, na ndiyo maana tunaandika.

Jambo la kujua kabla ya kununua, kufunga au kuchanganya chochote ni hili: nguvu ya mota inapita njia gani mpaka ifike kwenye tairi?

Mota ya kitovu, ile iliyokaa katikati ya gurudumu, inasukuma gurudumu lenyewe. Cheni haiihusu. Ukitoa giya kubwa ukaweka ndogo, umeipunguzia mzigo miguu yako, mota hukuigusa. Mota ya kati, iliyofungwa pale penye pedeli, inavuta cheni kama unavyoivuta wewe, kwa hiyo giya unayochagua ni giya yake pia. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu muuzaji akisema "hii ina giya" mnunuzi haulizi giya za nani. Ziko mota za kitovu zenye giya zake ndani, za plastiki ngumu, zinazopunguza mizunguko karibu mara tano ili mota ndogo izunguke kwa kasi na gurudumu lizunguke kwa nguvu. Hizo hazibadilishwi. Ni uwiano mmoja tangu kiwandani mpaka siku ya kutupwa.

Tuchukue mfano wa Pemba, maana Unguja tumezoea tambarare na mota nyingi zinasalimika kwa bahati hiyo tu. Kijana anatoka Chake Chake kuelekea Wete. Yeye, baskeli na gunia la karafuu wanafika kilo 150. Mlima unapanda mita 8 katika kila mita 100. Kwenda kilomita 10 kwa saa hapo kunahitaji kama wati 330 kwenye tairi, kwa kupanda peke yake. Miguu ya mtu wa kawaida, akiwa haendi mbio, inatoa kama wati 100. Zilizobaki ni za mota.

Ikiwa ni mota ya kitovu kwenye gurudumu la inchi 26, kwa mwendo huo inazunguka kama mara 80 kwa dakika. Nyingi zimepigwa hesabu zifanye kazi vizuri kwenye mara 200 hivi, yaani kilomita 25 kwa saa. Ikilazimishwa kuzunguka polepole chini ya mzigo, ampea zinapanda, na umeme mwingi unageuka joto badala ya mwendo. Ikisimama kabisa na mkono wa kuongezea mwendo bado umevutwa, umeme wote unaoingia ni joto. Kijana huyo atakuwa ameweka giya ndogo kabisa na anaamini anaisaidia mota. Haisaidii. Kinachoisaidia ni kukanyaga kwa nguvu, kupunguza gunia, au kushuka akasukuma. Jawabu la mwisho halipendwi, tunalijua.

Mlima huohuo kwa mota ya kati: sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele meno 44, ya nyuma meno 32, kwa kilomita 10 kwa saa pedeli zinazunguka karibu mara 58 kwa dakika, na mota inapumua. Akisahau akabaki kwenye sproketi ya nyuma ya meno 11, pedeli zinashuka mpaka mara 20, na mota ya kati itaungua sawasawa na ile ya kitovu. Kwa hiyo ukisikia "mota ya kati ndiyo ya milima", ongeza mwenyewe: kwa anayebadilisha giya. Na ashushe giya kabla hajafika kwenye mlima, asingoje mpaka chombo kinagugumia.

Mota ya kati nayo ina gharama yake, na gharama hiyo ni cheni. Cheni iliyotengenezwa kubeba miguu ya mtu mmoja sasa inabeba mtu na mota pamoja, katika visiwa ambavyo mchanga na chumvi viko kila pembe. Ipime. Hesabu nafasi 24 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini: cheni mpya ni milimita 305. Ikifika 307, badilisha. Ukingoja zaidi itayala na meno ya sproketi, utanunua vyote viwili, halafu utakuja kutuambia kwamba cheni za siku hizi mbovu.

Kubadilisha giya huku mota inavuta ndiko kunakokata cheni. Ziko mota za kati zenye kihisi kwenye waya wa giya, kinachokata umeme kwa muda mfupi pale giya inapohama. Kama yako haina, ondoa nguvu mwenyewe: acha kukanyaga kidogo, gusa lever ya breki ikate umeme, badilisha, endelea. Wenye vitovu vya giya tatu za ndani, zile za ukoo wa Sturmey-Archer ambazo wazee wa mjini wanazijua tangu enzi za baskeli za Raleigh, wawe waangalifu zaidi, kwani vigingi vidogo vilivyomo ndani vinaweza kuvunjika. Na baskeli za mitumba zenye breki ya kurudisha pedeli nyuma msizifungie mota ya kati inayonunuliwa peke yake na kufungwa kwenye baskeli ya kawaida. Mota nyingi za aina hiyo hazipeleki nguvu kinyumenyume, kwa hiyo breki hiyo haipo tena. Tumeletewa baskeli ya namna hiyo ambayo ilikuwa haina breki nyingine yoyote, na mwenyewe aliipanda mpaka getini kwetu.

Sasa tuje kwa wanaochanganya mota mbili, ya kitovu mbele na ya kati. Kiufundi inawezekana, na kwa mzigo mzito si wazo baya: ya kati inapanda, ya mbele inasaidia tambarare. Lakini betri ni moja. Betri ya volti 36 yenye kinga inayokata umeme ukizidi ampea 20, ukaifungia kontrola (kisanduku kinachopeleka umeme kwa mota) mbili za ampea 15 kila moja, siku ambayo zote mbili zitavuta pamoja zitataka ampea 30, na kinga itakata katikati ya mlima. Hapo hakuna kilichoharibika. Kinga imefanya kazi yake, msiiondoe. Shusha kila kontrola isizidi ampea 10, au tafuta betri inayostahili. Lever ya breki, ya kulia na ya kushoto, lazima ikate mota zote mbili.

Mota ya mbele ina hatari yake ya peke yake. Ikivuta, ekseli nayo inataka kuzunguka upande wa pili. Msokoto wa nyutoni-mita 40 kwenye ekseli iliyochongwa ubavu hadi milimita 10 unasukuma mdomo wa uma (mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Uma wa alumini haukutengenezwa kwa hilo: unapasuka, gurudumu linatoka. Tumia uma wa chuma, na ufunge kile kipande cha chuma kinachoishika ekseli isizunguke. Kinapatikana kwa bei ndogo, na mafundi wengi hukiacha kwa sababu mteja hakukiulizia.

Kuhusu kuchaji betri kwa kuteremka: hapana. Mota ya kati ina friwili (kinachoacha gurudumu lizunguke bila kuizungusha mota), ya kitovu yenye giya ndani ina friwili, hazirudishi umeme. Zinazoweza ni zile za kitovu zisizo na giya ndani, tena kama kontrola inaruhusu, na kinachorudi ni kidogo.

Na lile la wati. Maandishi "250 W" mengi yametoka kwenye sheria za Ulaya, ambako baskeli yenye mota ya wati 250 inayokata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa inahesabiwa baskeli. Ni kipimo cha kazi ya mfululizo. Kwenye mlima mota hiyohiyo inaweza kuvuta zaidi ya mara mbili yake kwa muda mfupi. Haimaanishi umeibiwa, wala haimaanishi umepewa zawadi. Makala hii haitoi tafsiri ya sheria ya hapa kwetu. Chombo kinachokwenda bila kukanyagwa, mwenyewe akaulize kwa mamlaka ya usafiri kabla hajakutana na askari.

Utaratibu wa ukaguzi katika karakana yetu ni huu. Njoo na baskeli, chaja yake, funguo za betri, risiti kama unayo, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au kingine kinachotambulika. Barua ya sheha haihitajiki. Watu wanaendelea kuja nayo. Fomu inajazwa nakala mbili, moja unabaki nayo. Mkufunzi atapima cheni, atakagua ekseli na uma, atalinganisha ampea za kontrola na za betri, kisha atatia alama ya rangi kwenye nati alizozikaza. Alama hiyo isikwaruzwe. Ukirudi na lalamiko na rangi imevunjika, ukaguzi unahesabiwa mpya na unalipiwa upya, hata kama ni siku ya pili, hata kama uliifungua "kuangalia tu". Nakala ya fomu ikipotea, chombo hakitoki mpaka maelezo ya kupotea yaandikwe na kusainiwa mbele ya msimamizi wa zamu. Baskeli isiyochukuliwa ndani ya siku 30 inatozwa ada ya kuhifadhiwa kwa kila siku inayozidi, na ada hiyo haisamehewi kwa sababu ya msiba wala safari, isipokuwa taarifa ilitolewa kabla. Mwanafunzi atakayemkabidhi mtu betri bila kuiandika kwenye daftari anasimamishwa mafunzo, kwa hiyo msiwabembeleze.

Wanaopita ufukweni Paje na Nungwi wazioshe cheni na kitovu kwa maji matamu, bila presha, siku hiyohiyo. Maji ya bahari huingia ndani ya mota kwa kufuata waya uliopita kwenye ekseli, na yakishaingia hayatoki yenyewe. Betri iliyoingia maji ya bahari isiletwe ndani ya karakana. Iachwe nje, kwenye kivuli, mbali na baskeli nyingine, na aitwe mkufunzi.