Beki akipitwa, ulinzi ndiyo kwanza unaanza

Jumamosi iliyopita, mechi ilipokwisha, baba wa mchezaji mmoja alinisubiri pale tunapoegesha magari. Tulikuwa tumefungwa 9 kwa 6. "Kocha, samahani," akaanza kwa adabu, "lakini yule beki wa kushoto anapitwa kila saa. Mweke benchi." Nikamwambia, "Kaka, leo yule ndiye aliyecheza vizuri kuliko mabeki wote." Akaondoka hajaridhika.

Nafundisha lakrosi, mchezo wa kupasiana mpira na kufunga mabao kwa fimbo zenye wavu, hapa Maryland, Marekani, jimbo ambalo tangu 2004 limeufanya huu kuwa mchezo wake rasmi wa timu, na hata hapa maneno hayo nayasikia kila msimu. Wazazi wanayasema, makocha wenzangu wanayasema, wachezaji wenyewe wanalaumiana nayo wakati wa kunywa maji. Wote wanaamini kwamba beki akipitwa, kosa la bao ni lake. Nimechoka na imani hiyo, kwa sababu inaharibu mazoezi kabla hayajaanza. Kocha anayeiamini atatumia saa nzima kwenye mmoja kwa mmoja, halafu siku ya mechi anashangaa mabao yanatoka wapi.

Tuutazame mchezo wenyewe. Mshambuliaji anajua anakokwenda, beki hajui. Mmoja anakuja kwa kasi, mwingine anarudi kinyumenyume. Mpira umo ndani ya wavu wa fimbo, na mwenye nao anaweza kujigeuza mzima bila kuupoteza. Katika hali hiyo hata beki bora kabisa atapitwa. Fimbo ndefu, hata ile ya sentimita 183, inamsaidia kumchelewesha mtu na kumsukumia pembeni, basi. Kazi ya beki ni kuchagua apitiwe upande gani, na akawie kiasi gani kabla ya kupitwa. Yule kijana wangu alipitwa mara nyingi, sikatai. Ila karibu kila mara alikuwa amemtoa mtu wake nje, kwenye pembe mbaya ya kupiga, palepale tulipokubaliana. Wenzake ndio hawakufika.

Ndiyo maana zoezi langu kubwa la ulinzi linaanza na beki aliyekwisha kupitwa. Nusu ya uwanja, washambuliaji sita, mabeki sita, kipa golini. Ni sita kwa sita kwa sababu sheria ya kuotea inailazimu kila timu, yenye watu kumi, kubakiza wanne nyuma, kipa akiwemo, na watatu mbele. Hivyo ndivyo timu zinavyokutana zikishajipanga. Nampa mpira mshambuliaji wa pembeni, na beki wake namsimamisha hatua moja nyuma ya bega lake. Filimbi ikilia, mwenye mpira anakwenda golini. Hakuna wa kulaumiwa, mimi ndiye niliyempitisha. Sasa tuone waliobaki watano wanafanya nini.

Wa kwanza kuziba, yaani beki anayemwacha mtu wake ili azibe pengo la aliyepitwa, kila mtu anamjua. Anatoka karibu na duara la kipa, anamkabili mwenye mpira kifua kwa kifua, fimbo mbele, bila kuirusha hovyo. Hilo watoto hulijua ndani ya wiki mbili.

Shida yote iko kwa wa pili.

Wa kwanza akishatoka, yule aliyekuwa anamkaba amebaki peke yake, mita tatu au nne kutoka kwenye goli lenye upana wa mita 1.83. Pasi moja fupi ikimfika, kipa hana la kufanya. Kwa hiyo lazima beki mwingine awe amekwisha kuhamia kwake. Amekwisha kuhamia, nasema. Mabeki wengi huondoka wanapoiona pasi ikitoka, na mpira una mbio kuliko miguu ya mtu yeyote. Wa pili anatakiwa aondoke pamoja na wa kwanza, kana kwamba wamefungwa kamba moja kiunoni. Na anayemwacha ni mshambuliaji aliye mbali kabisa na mpira, yule ambaye kumfikia kunahitaji pasi mbili, au moja ndefu ya juu inayokaa hewani.

Fikiria tunamdai nini kijana huyu. Tangu utotoni ameambiwa amkabe mtu wake asimwache. Sasa hakuna aliyempita, mpira uko upande wa pili wa uwanja, na mimi namtaka amwache mtu wake kwa hiari na kukimbilia katikati. Akifanya sawasawa, hakuna atakayemwona, maana pasi haitatolewa kabisa. Akifanya sawasawa halafu pasi ndefu ikamfikia mtu wake, jukwaa zima litasema amelala. Na asipotoka, bao likaingia, atalaumiwa yule wa kushoto aliyepitwa. Unaona jinsi imani ile inavyomfundisha mtoto kubaki alipo?

Na aliyepitwa je? Silika inamtuma amfukuze aliyempita. Nampigia kelele aache. Yule tayari ana mtu. Akimbilie mbele ya goli, shingo ikizunguka, amtafute aliye huru, ambaye mara nyingi ni yule aliyeachwa na wa pili.

Yote haya yanakwenda kwa sauti. Kabla chenga haijapigwa nataka nisikie "Wa kwanza mimi!" na "Wa pili mimi!" Mpira ukihama, majina yanahama. Siku nyingine nausimamisha mpira na kuuliza tu: wa pili nani? Kukiwa kimya, tunaanza upya, na tutaanza upya hata mara kumi. Bao likiingia, swali langu ni lilelile.

Mashambulizi nayafundisha ndani ya zoezi hilohilo, maana ile imani ina pacha wake: kwamba mshambuliaji hodari ni anayepita na kupiga. Kwangu, bao la kupita na kupiga lina pointi moja. Bao lililofungwa baada ya kumvuta wa kwanza na kutoa pasi lina mbili. Ndani ya dakika chache wenye mpira wanaanza kuinua macho, na wasio na mpira wanajifunza kuondoka pale beki wao anapogeuza kichwa, si kabla. Kwa kupasha moto nachezesha wanne kwa watatu: mmoja kwenye mpira, wawili wanagawana watatu waliobaki, na anayetoka kwenye mpira anarudi katikati mara tu pasi inapotoka. Mipira ya chini, ile inayogombewa ikianguka, tunaicheza kila siku, sina haja ya kuieleza.

Lakini yapo yanayonisumbua. Hadi leo sijatulia kuhusu kuziba mapema au kuchelewa. Nilikuwa nikifundisha kuziba mapema, mara beki anapoanza kurudi nyuma. Sasa nikikutana na timu inayopasi vizuri lakini haipigi vizuri kutoka mbali, nawaambia wachelewe, na nimewahi kukosea kwa pande zote mbili. Kwa watoto wa chini ya miaka 12 nimekuwa nikisita zaidi. Pengine wanahitaji miaka ya mmoja kwa mmoja kwanza, ndipo wajue wanasaidiana juu ya nini. Na ninyi makocha wa nyumbani mnaojiandaa na lakrosi ya wachezaji sita, ile itakayochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, msilichukue zoezi hili kama lilivyo. Kule wanaokimbia ni watano, fimbo ndefu hazipo, na kila shambulizi lina sekunde 30 tu za kupiga. Wa pili ana safari ndefu mno kwa nafasi ile, na huenda ikawa afadhali kumwacha mtu apige kutoka mbali. Nimelijaribu mara kadhaa na bado nalirekebisha.

Yule baba nimemwalika kwenye mazoezi ya Jumanne. Nitamsimamisha nyuma ya goli, nyuma ya wavu wa kuzuia mipira, ambako mabeki wote sita wanaonekana kwa pamoja. Nimemwomba kitu kimoja tu: filimbi ikilia asiutazame mpira. Amtazame beki aliye mbali nao kuliko wote.