Gigahezi nyingi si lazima zirende video haraka

Wapiga video wengi wa harusi hapa Mwanza huamini kuwa prosesa yenye gigahezi nyingi (kipimo cha kasi yake) ndiyo humaliza mapema kurenda, yaani kutengeneza faili la mwisho la video. Si ajabu, maana namba hiyo ndiyo muuzaji wa kompyuta za mtumba huitaja kwanza. Lakini kazi ya kurenda hugawanywa kwa viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu, vikaifanya kwa pamoja. Chukua prosesa mbili za Intel: Core i3-4160 ina gigahezi 3.6 na viini 2. Core i5-4570 ina 3.2 na viini 4, na kwa kazi hii ndiyo huwahi.

Nenda dukani na flashi yenye kipande cha dakika moja. Kirende kwa HandBrake, programu ya bure, kwenye mashine mbili unazolinganisha kwa mipangilio ileile, simu ikihesabu muda. Mimi silipi kabla ya jaribio hilo.