Aikoni ya tovuti inapokikataa kivinjari ulichochagua

Mwezi wa sita simu yangu haitulii. Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na saiba (vibanda vya intaneti) za Mwembe Tayari hapa Mombasa hujaa mpaka watu wakasimama barazani. Katika msimu huo ndipo dada mmoja mwenye saiba aliponipigia kuhusu aikoni ya iTax, tovuti ya KRA ya kuwasilishia ritani.

"Fundi, hii mashine nimeiambia itumie Firefox. Kila kitu kinafunguka Firefox isipokuwa aikoni ya iTax. Ile inanipeleka Chrome, na Chrome sijaweka kitu chochote. Nina foleni hapa."

"Pole dada. Hiyo aikoni uliitengeneza vipi?"

"Sikuitengeneza mimi. Nilimkuta nayo kijana aliyekuwa akifanya kazi hapa."

Jibu hilo lilinitosha, na tatizo lenyewe nimeliona mara nyingi, kuanzia ofisi za mawakala wa forodha za Moi Avenue hadi majumbani kule Nyali. Mtu amebadilisha kivinjari chake kikuu kwenye mipangilio ya Windows, na amekibadilisha sawasawa, lakini aikoni moja au mbili kwenye deskitopu zinaendelea na mambo yao. Anaingia tena kwenye mipangilio, anarudia yaleyale, na matokeo ni yaleyale. Kwa sababu kosa haliko huko alikokwenda.

Aikoni hizi, yaani njia za mkato ("shortcut") za tovuti, ziko za aina mbili, na kwa macho zinaweza kufanana kabisa. Ya kwanza ni faili ya .url. Hii ndani yake imebeba anwani ya tovuti tu. Ifungue kwa Notepad utaona mistari michache, na mmoja wao unaanza na URL= kisha anwani. Hakuna jina la kivinjari popote. Ukiibonyeza mara mbili, Windows inajiuliza: anwani za https hapa hufunguliwa na nani? Inampa huyo.

Ya pili ni faili ya .lnk. Hii haikubeba anwani peke yake. Imebeba mahali programu fulani ilipowekwa kwenye diski, na anwani ikafuata nyuma. Windows haina la kuuliza hapo. Inawasha programu iliyotajwa, basi.

Fikiria mzigo unaoutuma Voi. Ukiandika "Voi" na kumwachia karani, ataupakia kwenye basi ambalo ofisi yake imeamua kulitumia. Ukikata risiti ya basi fulani, mzigo utakwenda na basi hilohilo, hata kama ofisi imebadilisha basi lake asubuhi ya leo. Aikoni ya yule dada ilikuwa imekatiwa risiti.

Kuzitambua ni kazi ya nusu dakika. Weka mshale juu ya aikoni, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties". Ukikuta ukurasa ulioandikwa "Web Document", hiyo ni .url. Ukikuta ukurasa wa "Shortcut" wenye mstari wa "Target" uliotaja chrome.exe, msedge.exe au firefox.exe, hiyo ni .lnk. Usitafute herufi za mwisho wa jina la faili, kwa maana Windows huzificha kwa aina hizi mbili hata ukiwa umeiamuru ionyeshe za faili zote. Wala usiitegemee picha ya aikoni. Picha yaweza kuwa nembo ya tovuti, na haikuambii nani ataifungua.

Aikoni nyingi za .lnk huzaliwa bila mwenyewe kujua. Ukiwa ndani ya Chrome na ukatumia amri yake ya kuunda njia ya mkato, Chrome inakutengenezea inayoelekea kwake. Utaona kwenye "Target" jina chrome_proxy.exe na msururu mrefu wa herufi. Hiyo usihangaike kuihariri. Ifute, utengeneze nyingine. Ukitaka .url, fungua tovuti, punguza dirisha ili deskitopu ionekane pembeni, kisha shika ile alama iliyo mwanzoni mwa upau wa anwani, uiburute mpaka kwenye deskitopu na uiachilie. Chrome, Edge na Firefox zote hukubali, na zote hukupa .url isiyomfunga mtu. Hii ndiyo njia ninayomfundisha kila mteja, maana hata akihamia kivinjari kingine mwakani, aikoni zitamfuata.

Baada ya hapo, kivinjari kikuu chenyewe. Katika Windows 11 ingia "Settings", kisha "Apps", kisha "Default apps", chagua kivinjari unachokitaka na ubonyeze "Set default". Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 kitufe hicho hakikuwepo. Ilikubidi ubadilishe aina za anwani na faili za tovuti (HTTP, HTTPS, .htm na .html) kila moja peke yake, na aliyesahau HTTPS alibaki akishangaa. Kitufe kililetwa na sasisho la Machi 2022. Katika Windows 10 ni hapohapo kwenye "Default apps", sehemu ya "Web browser". Kuna mafundi wanaojaribu kupitia rejista, ile hifadhi ya ndani ya mipangilio ya Windows. Mimi siwashauri. Tangu Windows 8 uamuzi huo hulindwa kwa alama ya siri inayokokotolewa na mfumo wenyewe, na ukiandika jina la kivinjari bila alama hiyo kulingana, Windows hulitupa.

Tena, uamuzi huo ni wa akaunti moja ya Windows, si wa mashine nzima. Kompyuta yenye akaunti ya mwenye duka na akaunti ya wateja inataka uchague mara mbili. Hili huwapiga chenga hata watu wenye uzoefu, kwa sababu aikoni iliyowekwa kwenye folda ya C:\Users\Public\Desktop huonekana na watu wote, na ileile moja itafungua Firefox kwa huyu na Edge kwa yule.

Sasa, .lnk si adui. Kuna wakati ndiyo hasa unayoitaka, na hapa napenda watu waitawale badala ya kuiogopa. Bonyeza kitufe cha kulia kwenye deskitopu, chagua "New" kisha "Shortcut", na uandike hivi:

"C:\Program Files\Mozilla Firefox\firefox.exe" https://itax.kra.go.ke

Tazama alama za kufungia. Zinaizunguka njia ya programu tu, kisha nafasi moja, kisha anwani ikiwa nje. Wengi huifungia anwani ndani pamoja na programu, na Windows inakataa kwa kuwa inatafuta faili yenye jina refu lisilokuwepo. Hakikisha pia kivinjari kipo kweli mahali ulipopaandika: Chrome huweza kukaa Program Files, au Program Files (x86) kwa mashine za zamani, au ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe. Ndiyo maana .lnk ukiinakili kwa flashi kwenda mashine ya pili huweza kufa, ilhali .url huishi popote.

Kwenye mashine za zamani za ofisini utakutana na aina ya tatu, faili ya .website, iliyokuja na Internet Explorer 9 mwaka 2011. Internet Explorer ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Zifute.

Neno moja kuhusu usalama, na hili naliomba lishikwe. Njia ya mkato uliyoitengeneza mwenyewe ni salama. Iliyokuja kwa barua pepe usiiguse. Julai 2024 Microsoft ilibidi izibe tundu ambalo wahalifu walilitumia kupitia faili za .url: waliandika anwani kwa namna ya kumlazimisha Internet Explorer, yule mstaafu ambaye bado vipande vyake vimo ndani ya Windows, aamke na kuifungua, huku faili ikijifanya ni PDF. Wakala wa forodha anayepokea viambatisho hamsini kwa siku ndiye mtu wanayemtafuta.

Narudi kwa yule dada. Nilipofika jioni, foleni imekwisha, tulifuta aikoni ya zamani. Kwenye mashine yake ya kaunta nikaburuta .url za iTax na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akajionea mwenyewe zikifunguka Firefox. Kwenye mashine za wateja nilifanya kinyume kwa makusudi: .lnk, na baina ya firefox.exe na anwani nikaongeza -private-window, neno linalofungua dirisha la faragha. Kwa Chrome neno hilo huwa --incognito, kwa Edge --inprivate. Mteja akifunga madirisha hayo yote, kivinjari hakibaki na nywila wala kumbukumbu ya alikoingia. Mtu anayeingiza PIN yake ya KRA mbele ya kompyuta ya umma anastahili angalau hilo.

"Na risiti wanazopakua?" akaniuliza. Swali zuri, kwa kuwa dirisha la faragha haligusi faili zilizopakuliwa. PDF yenye jina na PIN ya mtu hubaki kwenye diski mpaka aifute binadamu. Nikamwekea kwenye kila mashine aikoni moja zaidi, ya folda ya "Downloads", kando kabisa ya ile ya iTax. Mteja akishachapisha na kuinuka, dada huifungua, hufuta kilichomo, humwaga na pipa la taka, kisha ndipo humwita anayefuata.