Je, wajua kipimo cha h humpimaje mtafiti wa saratani?

"Mjomba, mimi nina nne," mpwa wangu aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja deni. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na Hospitali ya Kenyatta. Anasomea patholojia, na uvimbe ndio riziki yake. Akanigeuzia simu: ukurasa wake wa Google Scholar, huduma ya Google inayoorodhesha makala za watafiti, jina lake, na pembeni herufi h na tarakimu 4. Wenzake wanaowania kazi ile ile, alisema, wana 8, mwingine 11.

Nikamwomba anieleze kama anavyoweza kumweleza muuza chai. Akachukua risiti, akaandika nyuma yake: 31, 12, 6, 5, 2, 1, 0. Hizo ni makala zake saba, na kila namba ni idadi ya makala nyingine zilizoinukuu. Zikishapangwa kutoka kubwa hadi ndogo, unashuka nazo ukiuliza: ya kwanza imenukuliwa angalau mara 1? Ya pili angalau mara 2? Ya nne ina 5, imepita. Ya tano ilihitaji 5, ina 2. Hapo unasimama. h yako ni 4.

Aliyebuni kipimo hiki mwaka 2005 si daktari. Ni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego. Alitaka kipimo kisichodanganywa na anayechapisha makala mia zisizosomwa, wala na aliyebahatika mara moja tu. Kuhesabu nukuu kwenyewe kulikuwepo zamani: Eugene Garfield wa Philadelphia alianza kutoa faharasa yake ya nukuu za sayansi katika miaka ya 1960, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia watu kutafuta makala. Kuwapima wenye makala kulikuja baadaye.

Sasa futa ile 31, andika 3,100. h inabaki 4. Nilimwuliza mara mbili, nikidhani sikusikia vizuri.

Tena nukuu si sifa. Anayekunukuu ili akukosoe anakuongezea moja sawasawa na anayekushukuru. Na karibu kila anayeandika kuhusu saratani huanza kwa kutaja wagonjwa ni wangapi, kwa hiyo hunukuu takwimu za mwaka. Ndiyo maana jarida la CA la Shirika la Saratani la Marekani, linalochapisha takwimu hizo, limekaa kwa miaka mingi kileleni mwa orodha za majarida ambayo kila makala yake, kwa wastani, hunukuliwa zaidi. Watu huenda pale kuazima namba.

Ndipo nikamkumbuka Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ayalandi aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, jambo ambalo hakuweza kulieleza. Muda si muda akaona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Akaandika makala mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na kwa muda haikuwashtua wengi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika, yapata maili 10,000, wakiuliza swali moja: mmewahi kuona uvimbe huu? Ramani ikajichora yenyewe. Kwenye joto na mvua, kama kandokando ya Ziwa Viktoria na Pwani, ulikuwepo. Kwenye baridi ya nyanda za juu, ulikuwa adimu. Ilifanana sana na ramani ya malaria.

Mwaka huo huo alihutubia London, na kati ya wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Vipande vya uvimbe huo, ambao ni saratani, vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zake. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Mtu mmoja alisikiliza, na mlango ukafunguka. Ungeiangalia h ya Burkitt mwaka 1960 usingeona dalili yoyote ya hayo.

Wenye fani nao wanalijua hilo. Mwaka 2012 wahariri na watafiti waliokutana San Francisco walitunga azimio, DORA, wakitaka mtu apimwe kwa kazi yenyewe, si kwa ukubwa wa jarida lililoichapisha. Wengi wametia saini. Lakini mwenye kupitia maombi 60 ya kazi jioni ya Ijumaa ana saa ngapi za kusoma?

Mpwa wangu aliikunja risiti akaisukuma chini ya kikombe. "Ile ya tano inadai tatu tu," akasema. "Nikiandika makala tatu mwaka huu, kila moja nijinukuu, nafika tano."

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania: Google Scholar huhesabu hata nukuu unazojipa mwenyewe. Chai nililipa mimi.